Nani Humpima Nani? Sarafu, Uaminifu na Ujenzi wa Mashine za Kuuzia Bidhaa kutoka Aleksandria hadi Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mashine za kuuzia bidhaa kwa kuzingatia tatizo moja la kiufundi na la kijamii: namna chombo kisicho na macho wala akili kinavyoweza kuiamini fedha kinayopewa. Historia hiyo inafuatwa kupitia chombo cha Hero wa Aleksandria, mashine za Uingereza za karne ya 19, mikahawa ya Automat, mageuzi ya sarafu nchini Marekani mwaka 1965, mgogoro wa sarafu ya yeni 500 nchini Japani, na mashine za maji na maziwa nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba mashine hizi hazikuondoa haja ya uaminifu katika biashara. Ziliihamisha kutoka kwa muuzaji kwenda kwenye metali, kisha kwenye sheria, kisha kwa serikali inayotengeneza sarafu, na hatimaye kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za malipo. Aidha, makala yanaonesha kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mashine ilijengwa ili kumpima mnunuzi, na ni katika miongo ya karibuni tu ambapo ilianza kujipima yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mashine ya kuuzia bidhaa ni chombo kinachopokea malipo na kumkabidhi mnunuzi bidhaa pasipo muuzaji kuwapo. Fasili hii ni fupi, lakini inabeba ugumu mkubwa. Katika biashara ya ana kwa ana, iwe dukani au gengeni, muuzaji hutekeleza kazi nyingi kwa wakati mmoja. Huikagua fedha aliyopewa, hurudisha chenji, humtambua mteja mkorofi, husikiliza malalamiko, na anapoona shaka huweza kukataa kuuza. Muuzaji anapoondoka, kazi hizo zote hubaki zikisubiri mtendaji. Baadhi hukabidhiwa mashine, baadhi hukabidhiwa sheria, na nyingine huachwa mikononi mwa mnunuzi mwenyewe.

Masimulizi mengi kuhusu mashine hizi huorodhesha uvumbuzi: nani alikuwa wa kwanza kuuza postikadi, nani chokoleti, nani kahawa. Orodha hizo zina manufaa, lakini hazielezi kwa nini mashine zenye kanuni iliyojulikana tangu enzi za Warumi zilienea kibiashara baada ya takribani karne kumi na nane. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanauliza ni kwa vigezo gani mashine ya kila kipindi iliamua kwamba kilichoingizwa katika tundu lake ni fedha halali, na ni nani aliyebeba hasara pale uamuzi huo ulipokosewa.

2.0 Muundo wa Mashine kwa Jumla

Licha ya tofauti za umbo na bidhaa, mashine za kuuzia zina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni kipokeamalipo, yaani tundu na njia ambamo sarafu, noti au kadi hukaguliwa. Ya pili ni ghala la ndani ambamo bidhaa hupangwa, likiwa na mtambo wa kupoza au kupasha moto inapohitajika. Ya tatu ni kiachilio, ambacho hutoa kipimo kimoja cha bidhaa na kuzuia vingine visitoke. Ya nne ni mfumo wa udhibiti unaounganisha malipo na kiachilio. Katika mashine za zamani udhibiti ulikuwa wenzo na springi. Katika mashine za leo ni bodi ya elektroniki.

Kiachilio hutofautiana kulingana na bidhaa. Makopo ya vinywaji hulazwa katika safu wima, na lango dogo chini ya safu huachia kopo moja huku likilizuia la juu yake; uzito wa makopo yenyewe ndio unaoyashusha. Pakiti za vitafunio huwekwa katikati ya mizunguko ya waya uliosokotwa mithili ya springi pana. Mota huuzungusha waya huo mzunguko mmoja kamili, pakiti zote husogea mbele kwa hatua moja, na ile ya mwisho huanguka kwenye trei. Vimiminika hutolewa kwa valvu au pampu inayofanya kazi kwa muda au ujazo uliowekwa.

Sehemu hizi tatu za mwisho zilipata ufumbuzi mapema, na misingi yake haijabadilika sana. Kipokeamalipo ndicho kilichowasumbua mafundi, mahakama na hata serikali. Kwa sababu hiyo, sehemu zinazofuata zinajikita katika kipokeamalipo.

3.0 Aleksandria: Sarafu kama Uzito

Maelezo ya kale zaidi yanayojulikana ya chombo cha aina hii yamo katika kitabu cha Hero wa Aleksandria kiitwacho Pneumatica, kilichoandikwa katika karne ya 1 BK nchini Misri. Hero anaeleza chombo cha hekaluni ambacho hutoa maji baada ya kuingizwa sarafu ya drakma tano. Sarafu hupita katika tundu juu ya chombo na kuangukia bamba lililo kwenye ncha moja ya wenzo. Ncha hiyo hushuka, ncha ya pili huinuka na kufungua kizibo cha maji. Kadiri bamba linavyoinama, sarafu huteleza na kuanguka ndani ya chombo; wenzo hurudi mahali pake na kizibo hufunga. Kiasi cha maji anachopata mtu hutegemea muda ambao sarafu imekaa juu ya bamba.

Ufundi huu ni mzuri kwa sababu sarafu inafanya kazi mbili: ni malipo, na papo hapo ni nguvu inayoendesha chombo. Hakuna chanzo kingine cha nishati kinachohitajika. Hata hivyo, uchambuzi wa wenzo huo unaonesha udhaifu wake. Chombo hakitambui drakma, kinatambua uzito. Kipande chochote cha metali, au hata kijiwe kinachopita katika tundu na kulielemea bamba, kingefungua maji vilevile. Kilichokilinda chombo kilikuwa mahali pake. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa hekaluni, akijitakasa kwa ajili ya ibada, na udanganyifu wake ungekuwa dhidi ya miungu. Kwa maneno mengine, mashine ya kwanza katika historia hii iliendeshwa na mvutano wa dunia na kulindwa na hofu ya dini. Ilipotolewa hekaluni na kupelekwa sokoni, ulinzi huo ungekosekana, na hapo ndipo tatizo lingeanza.

4.0 Uingereza: Aibu, Siri na Sheria

Nchini Uingereza, masanduku ya shaba ya kuuzia tumbaku yalitumika katika vilabu vya pombe katika karne ya 18 na ya 19. Mnywaji alidondosha nusu peni, kufuli likaachia, na kifuniko kikafunguka. Lakini kifuniko kilipofunguka, tumbaku yote ilikuwa wazi mbele yake. Sanduku lilithibitisha kwamba amelipa, lakini halikuweza kuthibitisha kwamba amechukua kiasi cha kiko kimoja tu, wala kumlazimisha afunge kifuniko kabla ya mwenzake kufika. Kazi hiyo ilifanywa na macho ya mwenye kilabu na ya wanywaji wengine. Kwa hiyo sanduku lilikuwa nusu mashine, na nusu nyingine ilikuwa aibu ya mtu mbele ya wenzake.

Jaribio la kuvutia zaidi lilifanyika mwaka 1822. Richard Carlile, mchapishaji wa London, alikuwa gerezani kwa kosa la kuchapisha maandishi yaliyohesabiwa kuwa kufuru, yakiwamo ya Thomas Paine. Wasaidizi wa duka lake walikuwa wakikamatwa mmoja baada ya mwingine kwa kuyauza. Ili mashahidi wa serikali wasiweze kumtambua muuzaji, uliwekwa mtambo ambao mnunuzi aligeuza mshale hadi kwenye jina la chapisho alilotaka, akaweka fedha, na chapisho likadondoka mbele yake. Hapa muuzaji aliondolewa ili asionekane, na sababu haikuwa kupunguza gharama wala kuharakisha huduma. Hata hivyo, mbinu hiyo haikuwaokoa wahusika, kwani kesi na vifungo viliendelea. Dola ilikataa hoja kwamba mahali pasipoonekana muuzaji hapana muuzaji. Msimamo huo ulikuwa ishara ya mapema ya namna sheria ingeitazama mashine: kama mkono uliorefushwa wa mtu.

Mwaka 1857 Simeon Denham alipata hataza ya Uingereza kwa mashine ya kutoa stempu za peni moja, lakini mashine za kibiashara zilienea kweli katika miaka ya 1880, hasa kwa kazi ya Percival Everitt. Mashine zake za postikadi ziliwekwa London mwanzoni mwa muongo huo, kikiwamo kituo cha reli cha Mansion House, na mwaka 1887 ilianzishwa kampuni ya Sweetmeat Automatic Delivery ili kuziendesha kwa wingi. Vituo vya reli viliwafaa wafanyabiashara hao kwa sababu vilikuwa na watu wengi wenye haraka na wenye peni mfukoni. Lakini umati huo haukuwa na uhusiano wowote na mwenye mashine. Haukuwa na hofu ya hekalu wala aibu ya kilabu. Everitt mwenyewe alilazimika kuboresha muundo wake kwa sababu watu waliingiza karatasi, maganda ya machungwa na takataka nyingine katika tundu.

Kwa kuwa metali pekee haikutosha, wenye mashine waliitazama sheria. Katika kesi ya Malkia dhidi ya Hands ya mwaka 1887, washtakiwa waliingiza kipande cha shaba chenye ukubwa wa peni katika sanduku la kuuzia sigara na kupata sigara. Hoja iliyohitaji uamuzi ilikuwa nyeti: je, mtu anaweza kumwibia mwenye mali ambaye ameweka chombo kinachotoa mali hiyo chenyewe? Mahakama iliamua kwamba huo ulikuwa wizi. Mwenye sanduku aliridhia sigara itoke kwa sharti la peni, na pasipo peni hapakuwa na ridhaa. Uamuzi huo uliipa mashine kitu ambacho fundi hakuweza kuipa, yaani nia. Ndani ya chombo kilichokuwa na wenzo na springi tu, sheria sasa iliona sharti la mwenye mali.

Baada ya hapo uenezi ulikuwa wa kasi. Thomas Adams aliweka mashine za chingamu katika majukwaa ya reli ya juu ya New York mwaka 1888, na nchini Ujerumani kampuni ya Stollwerck ya Cologne ilieneza mashine za chokoleti. Katika nchi zote hizo, mashine iliambatana na reli, miji mikubwa na sarafu ndogo yenye thamani inayofahamika kwa kila mtu.

5.0 Automat: Bei Iliyofungwa na Sarafu

Mwaka 1895 mkahawa wa kujihudumia kwa mashine ulifunguliwa Berlin, na mitambo ya Kijerumani ilisafirishwa hadi Philadelphia, ambako Joseph Horn na Frank Hardart walifungua Automat yao mwezi Juni, 1902. Mwaka 1912 waliingia New York, katika eneo la Times Square. Mteja alikuta ukuta wa vijidirisha vya kioo, kila kimoja kikiwa na sahani ya chakula. Aliingiza sarafu za senti 5, akageuza kitasa, akafungua kidirisha na kuchukua chakula chake.

Mkahawa huo ulisifiwa kwa kutokuwa na wahudumu. Ukweli wa ujenzi wake ulikuwa tofauti. Nyuma ya ukuta walikuwapo wafanyakazi waliojaza vidirisha kila vilipokuwa vitupu, na jikoni walikuwapo wapishi. Mlangoni walikaa wanawake waliobadilisha noti na sarafu kubwa kuwa senti tano tano, kwa kuwa vitasa havikukubali kingine. Kazi ya binadamu ilikuwa imesogezwa kutoka mezani hadi nyuma ya kioo na mlangoni, ambako jicho la mteja lilikuwa na haraka ya kupita.

Jambo la pili linaloonekana katika Automat ni uhusiano wa bei na sarafu. Mashine inayotambua sarafu ya aina moja hulazimisha bei ziwe mafungu ya sarafu hiyo. Horn na Hardart waliuza kikombe cha kahawa kwa senti 5 hadi mwaka 1950, na walipoipandisha, iliruka moja kwa moja hadi senti 10, ongezeko la asilimia 100. Coca-Cola ilikabiliwa na hali kama hiyo. Kinywaji chake kiliuzwa kwa senti 5 kwa takribani miongo saba kuanzia mwaka 1886. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ukiwamo mkataba wa mwaka 1899 na wenye viwanda vya kujaza chupa pamoja na matangazo yaliyoitangaza bei hiyo kila mahali. Lakini mashine zisizopokea ila sarafu ya senti 5 zilikuwa kizuizi kikubwa katika miaka ya mwisho. Mwaka 1953 Robert Woodruff, kiongozi wa kampuni hiyo, alimwomba Rais Eisenhower itengenezwe sarafu ya senti 7 na nusu. Ombi halikufanikiwa. Hata hivyo, kutolewa kwake kunaonesha kiwango cha utegemezi uliokuwa umejengeka: ilionekana rahisi zaidi kuibadilisha fedha ya taifa kuliko kuzibadilisha mashine.

6.0 Marekani 1965: Sarafu Inayotengenezwa kwa Ajili ya Mashine

Ombi la Woodruff lilipokataliwa, wazo lake la msingi halikufa. Miaka 12 baadaye serikali ya Marekani ilijikuta ikiunda sarafu kwa kuzingatia kile ambacho mashine ingeweza kukubali. Ili kuelewa namna hilo lilivyotokea, ni lazima kueleza kwanza jinsi kikaguzi cha sarafu kilivyofanya kazi kufikia katikati ya karne ya 20.

Kikaguzi hicho kilikuwa msururu wa mitihani. Tundu lilizuia sarafu pana kupita kiasi, na pengo katika njia liliangusha iliyo nyembamba mno. Kitanda kidogo chenye kizani kilikataa iliyo nyepesi. Baada ya hapo sarafu iliviringika mbele ya sumaku yenye nguvu. Kipande cha chuma kilinaswa papo hapo. Metali isiyonaswa na sumaku ilipata mtihani wa ndani zaidi: inapopita mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzalishwa ndani yake, na mikondo hiyo hupingana na mwendo na kuipunguza kasi. Kadiri metali inavyopitisha umeme vizuri, ndivyo inavyopunguzwa kasi zaidi. Fedha, yaani metali yenyewe ya fedha, hupunguzwa sana. Aloi ya shaba na nikeli hupunguzwa kidogo. Sarafu ilipotoka kwenye sumaku iliangukia kikingo, na kasi yake iliamua ingedunda upande gani. Iliyokwenda kwa kasi sahihi iliingia katika njia ya kukubaliwa. Iliyokwenda kasi mno au polepole mno ilirudishwa kwa mteja.

Sarafu za Marekani za senti 10, 25 na 50 zilikuwa na fedha kwa asilimia 90, na vikaguzi vilikuwa vimerekebishwa kwa mwendo wa metali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulitokea upungufu wa sarafu, na bei ya fedha ilikaribia kuifanya sarafu iwe na thamani kubwa kama metali kuliko kama pesa. Serikali ilihitaji metali ya bei nafuu. Aloi ya shaba na nikeli pekee, ambayo ilikwishatumika katika nchi nyingi, ingekuwa suluhisho rahisi, lakini mashine zilizowekwa kwa ajili ya fedha zingeikataa kwa sababu hupitisha umeme kwa udhaifu. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa sarafu ya tabaka tatu: kiini cha shaba tupu katikati, na pande zote mbili tabaka la asilimia 75 ya shaba na 25 ya nikeli. Shaba ya ndani hupitisha umeme vizuri, hivyo sarafu nzima hupunguzwa kasi na sumaku kwa kiwango kinachokaribia cha fedha. Sheria ya Sarafu ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 23 Julai, 1965. Kwa mujibu wake, sarafu za senti 10 na 25 zilipoteza fedha yote, na ile ya senti 50 ikabaki na asilimia 40 kwa miaka michache.

Tukio hili lina uzito wa kihistoria kuliko linavyooneshwa kwa kawaida. Tangu kale sarafu ilitengenezwa ili ithibitishwe na binadamu kwa macho, sauti na jino. Sura ya mtawala na maandishi ya pembeni yalimlenga msomaji. Mwaka 1965 sifa iliyoamua muundo wa sarafu ilikuwa ile ambayo hakuna binadamu awezaye kuihisi kwa kidole. Uingereza ilifuata mkondo huohuo kwa njia ya jiometri ilipotoa sarafu ya peni 50 mwezi Oktoba 1969. Sarafu hiyo ina pande saba ili mtu aitofautishe kwa kuigusa, lakini kila upande ni tao ambalo kitovu chake ni pembe iliyo mkabala. Matokeo yake ni umbo lenye upana uleule kila linapopimwa, hivyo huweza kuviringika na kukaguliwa kama duara. Umbo moja liliwahudumia wasomaji wawili, mkono wa mtu na njia ya mashine.

7.0 Japani: Pale Mashine Ilipodanganywa

Hakuna nchi iliyozikumbatia mashine hizi kama Japani. Mwaka 1967 sarafu ya yeni 100 iliacha kutengenezwa kwa fedha na kuwa ya shaba na nikeli, ikapatikana kwa wingi, na mashine za vinywaji zikaenea mitaani. Kufikia mwaka 2000 nchi hiyo ilikuwa na mashine za kuuzia za aina mbalimbali zaidi ya milioni 5. Sarafu ya yeni 500 ilitolewa mwaka 1982. Ilikuwa na kipenyo cha milimita 26.5, uzito wa gramu 7.2, na ilitengenezwa kwa asilimia 75 ya shaba na 25 ya nikeli. Mwaka huohuo Korea Kusini ilitoa sarafu ya won 500 yenye kipenyo kilekile na aloi ileile, ikiwa na uzito wa gramu 7.7. Thamani yake katika soko la fedha ilikuwa takribani moja ya kumi ya ile ya Kijapani.

Kwa macho, sarafu hizo mbili hazifanani. Maandishi na michoro yake ni tofauti kabisa, na muuzaji yeyote angezitenganisha mara moja. Kwa mashine, tofauti pekee ilikuwa nusu gramu. Wahalifu waliitoboa au kuikwangua sarafu ya Korea hadi uzito wake ukaribie gramu 7.2. Hawakuhitaji hata kununua kitu. Mashine nyingi zilihifadhi sarafu zilizokubaliwa katika mirija ya chenji, na mteja alipobofya kitufe cha kurudishiwa fedha, alipewa sarafu kutoka katika mirija hiyo, ambayo si lazima iwe ileile aliyoingiza. Hivyo mtu aliingiza won iliyokwanguliwa na kutoka na yeni 500 halali. Kitufe kilichowekwa kwa ajili ya kumtendea haki mnunuzi kiligeuka kuwa mlango wa kumwibia mwenye mashine.

Serikali ya Japani ilijibu mwezi Agosti 2000 kwa kutoa sarafu mpya ya shaba, zinki na nikeli yenye gramu 7.0, na vikaguzi vingi viliacha kuikubali ile ya zamani, ingawa kisheria ilibaki kuwa fedha halali. Mwezi Novemba 2021 ilitolewa sarafu nyingine ya yeni 500 yenye metali za aina tofauti katikati na pembeni, ikiwa na gramu 7.1. Safari hii mashine nyingi hazikuwa zimerekebishwa, na kwa muda raia aliyeshika sarafu mpya kabisa ya taifa lake aliweza kuikuta ikirudishwa kwenye trei. Katika matukio yote mawili, uhalali wa fedha mbele ya sheria na uhalali wake mbele ya mashine vilitengana, na aliyesimama katikati ya tofauti hiyo alikuwa mnunuzi asiye na kosa.

8.0 Kutoka Kukagua Sarafu hadi Kukagua Kumbukumbu

Kuanzia miaka ya 1970 vikaguzi vya elektroniki vilichukua nafasi ya vile vya kizani na sumaku. Sarafu hupita kati ya koili zenye mkondo wa umeme, na mabadiliko yanayotokea katika koili hulinganishwa na vipimo vilivyohifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Katika kipindi hikihiki cha elektroniki mashine zilianza pia kujikagua. Mashine nyingi za vitafunio sasa zina mwale usioonekana juu ya trei. Ikiwa waya umezunguka na hakuna kilichoukata mwale huo, mashine huzungusha tena au humrudishia mteja fedha. Ni badiliko dogo la kiufundi, lakini kihistoria ni kubwa, kwa kuwa kabla yake mashine ilikuwa na njia nyingi za kumshuku mnunuzi na haikuwa na njia yoyote ya kujishuku.

Hatua inayofuata ni kuiacha sarafu kabisa, na hapa Kenya inatoa mfano unaofaa. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kufikia muongo uliofuata malipo kwa simu yalikuwa ya kawaida hata kwa biashara ndogo. Mwaka 2015 mashine za maji, maarufu kama ATM za maji, zilizinduliwa katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi. Mkazi hutumia kadi iliyotiwa salio mapema. Anaigusisha kwenye mashine, valvu hufunguka, mita hupima, na salio hupungua. Wakati wa uzinduzi bei ilikuwa nusu shilingi kwa lita 20. Mashine za maziwa zilizoenea katika maduka ya miji ya Kenya hufuata kanuni inayokaribiana: maziwa hukaa katika tangi lililopozwa, na pampu hutoa ujazo unaolingana na kiasi cha shilingi kilichoingizwa, hata kama mteja ana shilingi chache tu. Mara nyingi pembeni mwa mashine hiyo husimama mhudumu anayepokea fedha na kubofya vitufe, jambo linalokumbusha wanawake wa mlangoni katika Automat.

Faida ya mfumo huu inaonekana wazi ikilinganishwa na chupa ya senti 5. Bei imefunguliwa kutoka katika kifungo cha sarafu. Inaweza kushuka hadi chini ya kile ambacho watu hubeba mfukoni, na inaweza kupanda taratibu bila kuruka maradufu. Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, tofauti hiyo ni ya maisha ya kila siku. Lakini uaminifu umehamia mahali pengine tena. Mashine haiulizi tena kadi imetengenezwa kwa metali gani. Inauliza kumbukumbu zinasema nini. Mtandao ukikatika au salio likikosewa, mnunuzi hana kitu cha kushika mkononi na kusema, "Hii hapa, ni halali." Mwenye sarafu iliyokataliwa aliweza kwenda dukani. Mwenye salio lililokataliwa hubaki na dumu tupu mpaka mtunza kumbukumbu asahihishe.

9.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba mashine ya kuuzia ilibadilika kila mara kilichokuwa kikiilinda kilipopungua nguvu. Hekalu lilipokosekana, ilitegemea macho ya kilabu; macho yalipokosekana katika vituo vya reli, ilitegemea mahakama; mahakama ilipokuwa mbali, ilitegemea sumaku; na sumaku ilipoweza kudanganywa, serikali zilibadilisha fedha yenyewe. Kwa hiyo kuielezea mashine hii kama chombo kilichomwondoa mtu katika biashara ni kukiona kioo cha Automat na kutokiona kilicho nyuma yake.

Matokeo haya yana maana kwa watafiti wa historia ya teknolojia na ya fedha. Kwanza, muundo wa sarafu za kisasa hauwezi kuelezwa kikamilifu bila kutaja mashine zinazozipokea. Pili, swali la nani hubeba hasara pale mashine inapokosea linastahili kuulizwa katika kila mfumo mpya wa malipo, kwa sababu historia inaonesha kwamba jibu la kawaida limekuwa mnunuzi. Mwale ulio juu ya trei ni ushahidi kwamba jibu hilo linaweza kubadilishwa na fundi. Katika mashine za maji na maziwa, ambako kinachouzwa ni mahitaji ya lazima, mita inayoweza kusomwa na mteja, risiti ya kila muamala na njia ya haraka ya kurudishiwa salio vina nafasi ileile. Ni sehemu za mashine, kama zilivyo valvu na pampu, na vinapaswa kujengwa pamoja nayo.